Papasi, Kupe na Homa Inayorudi

Je, papasi na kupe ni mdudu mmoja?

Ni jamii moja, lakini tabia zao hazifanani. Kupe wa ng'ombe au mbwa ana ngao ngumu mgongoni, naye hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa mpaka avimbe kwa damu. Papasi hana ngao: mwili wake wa kijivu au hudhurungi umekunjamana, na mdomo umefichika chini. Mchana hujibanza katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi, ndiyo maana wengi walioumwa naye hawajawahi kumwona.

Huambukiza ugonjwa gani?

Homa ya papasi, inayosababishwa na bakteria aitwaye Borrelia duttonii, kwa jina la Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyeuchunguza ugonjwa huu nchini Kongo hadi ulipomuua mwaka 1905. Papasi huwarithisha watoto wake bakteria hao kupitia mayai, na kwa kuwa huvumilia njaa kwa miaka, chumba kilichohamwa zamani bado kinaweza kumwambukiza mgeni.

Nitaitofautishaje na malaria?

Kwa dalili pekee ni vigumu, kwani zote huleta homa kali, baridi, maumivu ya kichwa na kutapika. Homa ya papasi, hata hivyo, hutulia baada ya siku chache, mgonjwa akadhani amepona, kisha humrudia baada ya wiki moja hivi. Kipimo cha haraka cha malaria hakiigundui. Inabidi damu ichukuliwe wakati homa imepanda na ichunguzwe kwa hadubini. Nawasihi wanaorudi zahanati mara ya pili wamweleze mhudumu mahali walipolala. Mjamzito asisubiri hata siku moja, kwa sababu mimba inaweza kutoka.

Inatibika?

Ndiyo, kwa antibiotiki atakazochagua tabibu. Saa chache baada ya dozi ya kwanza homa na kutetemeka huweza kuzidi, kwa kuwa bakteria wanakufa kwa wingi. Hivyo ni vyema mgonjwa abaki chini ya uangalizi, wala asiache dawa.

Na kupe wa mifugo?

Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haimpati binadamu, ila baadhi ya kupe huleta homa yenye kidonda cha gamba jeusi palipoumwa. Ukimkuta kupe amekung'ang'ania, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumpindisha, bila moto wala mafuta ya taa.

Nyumba yangu ni ya udongo, nifanye nini?

Ziba nyufa, inua kitanda na ukitenge na ukuta, lala ndani ya chandarua chenye dawa kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na ukipata uwezo, anza kusakafia kwa saruji chumba wanacholala watoto.