Kahawa nyeusi tii si lazima iwe kali

Mwezi uliopita niliingia duka moja kubwa hapa Kampala nikatoka na pakiti ya kahawa yenye picha ya mlima na maneno makubwa ya kujisifu. Nyumbani nikatia vijiko vitatu kwenye kichujio, nikamimina maji ya moto kidogo, nikainama kuangalia ikiumuka, kama kahawa mpya inavyofanya. Wapi! Maji yalizama kama kwenye mchanga wa ufukweni Entebbe. Nikaigeuza pakiti. Tarehe ya mwisho wa matumizi ipo, tena ya mbali. Tarehe ya kukaangwa haipo popote. Kesho yake nikairudisha.

"Lakini nyabo," kijana wa kaunta akaniambia kwa upole, "mbona bado haijaisha muda?"

Simlaumu hata kidogo. Nchi yetu inalima kahawa kwa wingi, lakini asubuhi wengi wetu tunakunywa chai, na kahawa tunaijua ya kopo. Sasa wakaangaji wa hapa hapa wameanza kutuuzia kahawa ya kiwango cha juu, ile inayoitwa speshalti, na tunaingia madukani na imani zetu za zamani.

Dhana: Kahawa ikishakaangwa haiharibiki

Ni kweli haiozi. Hata ukiikuta imekaa mwaka kabatini, haitakuumiza tumbo. Lakini fikiria karanga za kukaanga wanazouza vijana kwenye foleni ya magari. Za leo unazijua kwa harufu tu. Za mwezi jana unazila kwa sababu njaa haina adabu. Kahawa ni hivyo hivyo: harufu yake inaruka na mafuta yake yanakutana na hewa. Punje nzima, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, zina mwezi mmoja au zaidi kidogo wa kufurahisha. Iliyosagwa huanza kupungua saa ile ile, na baada ya siku chache tofauti unaionja. Ndiyo maana tarehe ninayoitafuta mimi ni ya kukaangwa. Mkaangaji anayeijivunia kazi yake huiandika, hata kwa kalamu.

Kisagio kidogo cha mkono ndicho kifaa cha kwanza ningemshauri mtu anunue, kabla ya kitu kingine chochote.

Dhana: Basi iliyotoka motoni sasa hivi ndiyo tamu kuliko zote

Hapa ndipo wapenzi wapya wa kahawa tunapojikwaa. Kukaanga huzalisha gesi ya kaboni dioksaidi, na nyingi hubaki ndani ya punje. Ukiipika siku hiyo hiyo, gesi inasukuma maji, maji hayaingii sawasawa, unapata kikombe chenye ukali wa ajabu na ladha iliyojificha. Iache siku nne au tano ikiwa ni ya kuchuja. Ya espreso, ile ya mashine, huhitaji wiki na zaidi. Kile kitundu kwenye mfuko, ambacho watu hukibonyeza ili wanuse, kimewekwa ili gesi itoke bila hewa kuingia.

Gesi hiyo hiyo ndiyo kipimo chako jikoni. Mimina maji kidogo tu ya kulowesha, kisha ngoja nusu dakika. Kahawa iliyo hai huvimba katikati kama unga wa maandazi, mapovu madogo yanapasuka, harufu inajaa chumba. Iliyochoka hulala kimya.

Dhana: Nyeusi inayong'aa mafuta ndiyo kali, na ndiyo mpya

Weusi ni kiasi cha moto iliyopitia. Kafeini haipungui wala haiongezeki kwa maana yoyote ya kuhangaikia. Kinachoongezeka ni uchungu, na uchungu tumeuzoea kuuita ukali. Ukitaka kukesha, angalia aina ya mti: robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Na yale mafuta juu ya punje yanakuambia kwamba imekaangwa sana, au imekaa sana. Wakati mwingine moto mkali huficha buni mbovu, maana ukishaunguza kila kitu, chote kinakuwa na ladha moja.

Dhana: Robusta ni makapi, kahawa ya kweli ni arabika

Hii inaniudhi zaidi, kwa sababu tunaisema sisi wenyewe, na zaidi ya robo tatu ya kahawa tunayouza nje ni robusta.

Robusta ni mwenyeji. Hadi leo inaota yenyewe porini katika msitu wa Kibale. Waganda waliitafuna buni yake, mwanyi, na kumkaribishia mgeni muda mrefu kabla arabika haijaletwa kutoka nje mwanzoni mwa karne ya 20. Wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu, kwa agano la omukago, waligawana buni mbili za tunda moja. Mti wa heshima hiyo umegeukaje makapi?

Umeharibiwa jina uani. Mkulima anahitaji ada ya shule, basi tawi zima linavutwa, matunda mekundu na mabichi pamoja. Yanaanikwa juu ya udongo mtupu, kuku wanapita, mvua ya usiku inayakuta pale pale. Kahawa iliyokaushwa na ganda lake namna hiyo sokoni huitwa kiboko (msomaji wa Pwani usicheke, si mnyama wala si mjeledi). Ladha ya vumbi na gunia tunayoilaumu robusta imetokana na udongo na gunia kwelikweli. Chukua mti ule ule, chuma mekundu tu, anika kwenye kichanja au turubai, geuza mara kwa mara, funika mvua ikija. Utapata kikombe kizito chenye ladha ya kakao na njugu, ambacho waonjaji hukipa alama 80 na zaidi kati ya 100. Vigezo vya kuonja robusta bora vipo, na Uganda ilishiriki kuvitunga.

Kwa upande mwingine, neno arabika peke yake halikuhakikishii kitu. Ya Mlima Elgon kwa Wagisu na Wasabiny, ya Rwenzori, ya Zombo na Nebbi, zote ni arabika, na hazifanani. Hata iliyooshwa, ambayo wafanyabiashara huiita wugar, na iliyokaushwa na tunda lake, drugar, zinatofautiana mno ingawa zimetoka mlima mmoja. Mfuko unaokuambia eneo, mwinuko na namna ilivyokaushwa umekuambia mengi kuliko ule wenye picha ya simba.

Dhana: Maji yanayochemka huunguza kahawa

Ushauri huu uliandikwa na watu wa usawa wa bahari. Kwao maji huchemka nyuzi 100, na kahawa hupenda kama 90 hadi 96. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo birika lako likipiga filimbi maji yako kama nyuzi 96 tu. Ukifika Kapchorwa, juu kule Elgon, yanachemka chini ya hapo tena. Mimina bila hofu. Mimi nilipoteza miezi nikingoja birika lipoe kwa kufuata video za Wazungu, nikawa nakunywa kahawa chachu isiyoiva. Ikiwa imekaangwa sana, hapo sawa, subiri dakika moja.

Dhana: Bila mashine ya mamilioni huwezi

Kichujio cha plastiki na karatasi, au birika la kubonyeza, vinatosha. Gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani 15 kwa kikombe kikubwa, halafu dakika tatu au nne. Mizani ya jikoni ni muhimu kuliko mashine, kwa kuwa kijiko cha kahawa iliyokaangwa kidogo na kijiko cha iliyokaangwa sana havina uzito sawa. Ikiwa chungu, saga nene kidogo kesho. Ikiwa chachu na nyepesi kama maji ya kuoshea kikombe, saga laini.

Jirani yangu, Hajati kutoka Bombo, huchemsha yake na tangawizi kwenye sufuria mpaka ifoke. Kwa kahawa iliyokaangwa wiki hiyo, hata njia hiyo inatoa kitu kizuri sana.

Dhana: Iweke kwenye friji isiharibike

Friji ina unyevu na harufu, na kahawa hufyonza vyote viwili. Kabati lenye giza linatosha. Kugandisha kunawezekana, ila kwa vifurushi vidogo visivyoingiza hewa, usivifungue na kuvirudisha.

Kaka yangu aliletewa mfuko mzuri kutoka Mbale, akaufunga kwa mpira wa noti, akauweka kwenye friji juu ya bakuli la mukene, dagaa wetu wa ziwani. Baada ya wiki mbili alimkaribisha shemeji yake kwa mbwembwe zote, na mgeni, baada ya kunywa nusu kikombe kimya kimya, akauliza kama ndivyo kahawa ya mlimani inavyonukia.