Utanzu kama Tendo la Kijamii

Mwanafunzi wa uzamili anayeanza kusoma nadharia za uandishi huja darasani na maana ya neno utanzu, yaani aina ya usemi au maandishi, aliyoipata shuleni, nayo ni maana ya umbo. Katika karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, barua rasmi hutambulikana kwa anwani zake mbili, kwa mada inayotanguliwa na KUH (kuhusu), na kwa kimalizio cha "Wako mwaminifu". Maana hiyo si potofu, ila haimwambii mwanafunzi kwa nini barua rasmi ipo, wala kwa nini watu wasiojuana wakakubaliana kuiandika hivyo.

Mwaka 1968 Lloyd Bitzer, mtaalamu wa balagha (sanaa ya usemi wa kushawishi) wa Marekani, alieleza kwamba usemi wenye kusudi huzaliwa na hali: pana jambo linalodai kushughulikiwa, pana hadhira yenye uwezo wa kulishughulikia, na pana mambo yanayombana msemaji. Mwenzake Carolyn Miller aliligeuza wazo hilo katika makala yake ya mwaka 1984. Kwake, hali haijirudii yenyewe. Chukua misiba: hakuna miwili inayofanana, alivyo marehemu na walivyo wafiwa. Ni jamii ndiyo inayoiona kuwa jambo moja linalojirudia, na kwa kuiona hivyo hujua nini husemwa na nani huanza kusema. Utanzu, kwa maana hii, ni tendo ambalo watu wamezoea kulitenda kwa maneno kila wanapoitambua hali ya aina fulani. Umbo hufuata nyuma ya tendo.

Mfano ulio karibu mno na msomaji wa Mombasa ni kanga. Ukipita Mtaa wa Biashara utaiona imetundikwa dukani, ina pindo, ina mji, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa: MCHIMBA KISIMA HUINGIA MWENYEWE. Hapo ni bidhaa tu. Mwanamke akiinunua na kujifunga siku mbili baada ya kukosana na jirani, kisha akaenda kwenye shughuli ambayo anajua jirani huyo atahudhuria, maneno yaleyale yamekuwa kijembe, ingawa hakuyatunga yeye na hakuna herufi iliyobadilika. Akiulizwa atasema aliipenda rangi. Kukana huko nako ni sehemu ya utanzu wenyewe, kwani kila aliyepo anajua kwamba kanga husema kwa niaba ya mvaaji bila kumtia hatiani. Anayechunguza umbo peke yake ataorodhesha pindo na idadi ya maneno, naye kijembe kimempita.

Kwa mwandishi wa tasnifu, jambo hili lina faida ya papo kwa papo. John Swales, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kwamba utangulizi wa makala ya kitaaluma kwa kawaida hupiga hatua tatu: huonyesha kwamba uwanja unaohusika una uzito, huonyesha pengo lililoachwa na waliotangulia, kisha humweka mwandishi ndani ya pengo hilo. Wanafunzi wengi huandika "pengo la utafiti" kama kichwa cha sehemu kwa sababu mwongozo umetaka hivyo, na chini yake huweka aya isiyodai lolote. Mwenye kuelewa kwamba pengo ni tendo, yaani ni kuomba nafasi barazani mbele ya watu waliokwisha kuketi, ataiandika aya hiyo kwa namna nyingine kabisa.

Nadharia hii ina udhaifu, na kwa maoni yangu ndipo darasa la uzamili linapopaswa kukaa zaidi. Kusema kwamba utanzu ni mazoea ya jamii ni rahisi. Kusema ni mazoea ya nani ndani ya jamii hiyo ni kazi nyingine. Tangu kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iundwe mwaka 1930, Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja. Mtu wa Mombasa aliyelelewa katika Kimvita, lahaja ya mji huo, anaweza kuandika "ndia" (njia) na "nti" (nchi) ndani ya shairi, na wasomaji wakamsifu kwa kuihifadhi lugha ya washairi wa kale wa Mombasa, akina Muyaka bin Haji. Akiandika "ndia" badala ya "njia" katika sura ya pili ya tasnifu yake, msimamizi atalizungushia kalamu nyekundu. Neno ni lilelile na mwandishi ni yuleyule. Kilichobadilika ni tendo, pamoja na yule aliyepewa mamlaka ya kuamua kama limetendwa sawasawa.