Unga wa mbao na vimelea vya malale: mti mmoja, gunia moja

Hapa Kivu magome ya mti wa kwinini yamelimwa tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo hakuna wa kufundishwa kuwa dawa hutoka mtini. Kinachoniuma ni unga wa mbao unaochomwa nyuma ya atelie (karakana za useremala) za Bukavu, kabla ya kupimwa kama una kitu kinachoua vimelea vya ugonjwa wa malale. Hivi ndivyo ninavyoupima.

Mti huhifadhi sumu zake dhidi ya mchwa na kuvu katika moyo wake, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Mvule, kwa mfano, una kemikali iitwayo kloroforini, inayowawasha ngozi mafundi wanaoupasua. Sehemu nyeupe ya nje ina kidogo mno.

Kazi huamuliwa kwenye msumeno. Fagia chini kwanza, kisha kusanya unga wa mti mmoja tu. Ukichanganya, hata matokeo yakiwa mazuri hutajua yametoka wapi. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au mafuta machafu ya injini zikatae kabisa: vimelea vitakufa kwa sumu hiyo, nawe utausifu mti bure.

Anika kivulini, unene wa sentimita 2, ukigeuza kila siku, maana kwa mvua zetu ukungu hauchelewi. Chekecha kwa wavu wa milimita 1. Loweka gramu 100 katika lita 1 ya alkoli ya asilimia 80 kwa saa 48, chuja, kisha vukiza alkoli kwa mashine ya ombwe (inayopunguza hewa ili alkoli ichemke kwa joto dogo), maji ya kuipashia yasizidi nyuzi 40. Kinachobaki ndicho dondoo. Jiko la moto, hapana: mvuke wa alkoli hulipuka.

Dondoo huyeyushwa kwa kiyeyusho kiitwacho dimethili sulfoksaidi, isiyozidi asilimia 0.5 katika kila kishimo cha sahani ya majaribio. Ikizidi, yenyewe huanza kudhuru vimelea. Trypanosoma brucei, vimelea vya malale, hukaa na dondoo saa 72 kwa nyuzi 37, halafu hutiwa rangi iitwayo resazurini: walio hai huigeuza kutoka buluu kuwa waridi. Hapa tanini, kemikali za mimea za jamii ya fenoli, huharibu kila kitu. Hunata kwenye protini za seli yoyote, na fenoli nyingine hubadilisha rangi hata pasipo kimelea. Pitisha dondoo kwenye poliamidi, unga wa plastiki unaozinasa tanini, kwanza, na siku zote weka vishimo vyenye dondoo bila vimelea.

Kuua vimelea peke yake si habari. Hata jiki huviua. Pima pia seli za binadamu. Nusu ya vimelea ikifa kwa mikrogramu 5 kwa mililita, na nusu ya seli zetu kwa 60, uwiano ni 12. Chini ya 10 naliweka dondoo kando. Ndiyo sababu nakataza kunywa unga uliochemshwa: mgonjwa wa malale apelekwe kupimwa, maana kuna dawa ya feksinidazoli, vidonge vya siku 10 vinavyomezwa pamoja na chakula.

Dondoo linalovuka 10 naligawa kwenye safu ya silika, bomba lenye unga unaotenganisha kemikali zake, na kila sehemu inapimwa upya, seli za binadamu zikiwemo.