"Sikumtaja Jina" Haimlindi Mtoto

"Jina nimelificha, basi nimemlinda."

Kati ya kauli ninazosikia kuhusu kesi za watoto waliobakwa, hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mtu wa hapa Kigoma anarusha kwenye kundi la WhatsApp: mtoto wa darasa la tatu, Kibirizi, mama anauza dagaa, mshitakiwa ni baba wa kambo. Jina halimo, lakini mtaa mzima umeshajua. Chagua moja: ukimtaja mshitakiwa, usiseme ana undugu gani na mtoto, ukisema undugu, mfiche mshitakiwa. Akiwa baba mzazi, usimtaje kabisa, kwa sababu jina lake ndilo la pili la mtoto.

Kabla ya kumpa mtu nakala ya hati ya mashitaka, ondoa jina la mwathirika, umri kamili, shule, mtaa, majina ya wazazi, namba za simu, namba ya RB (ya taarifa iliyoandikishwa polisi) na tarehe ya tukio. Bakiza wilaya, kosa na kifungu. Kupaka wino mweusi peke yake hakutoshi. Inua karatasi kwenye mwanga uone. Paka, toa fotokopi, kisha skani hiyo fotokopi. Kwenye PDF ni hatari zaidi: mstari mweusi uliolazwa juu ya maandishi hauyafuti. Mtu akiyanakili na kuyabandika kwingine, jina linatokea lote.

Na PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, haipigwi picha ya kusambaza. Ina jina na majibu ya daktari.

"Mzazi ameruhusu."

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha, na inakataza magazeti na vyombo vingine kuuchapisha au kuwatangaza mashahidi. Imeacha nje ya katazo hilo ripoti za sheria na majarida ya kitaalamu ya wanasheria na madaktari. Ruhusa ya mzazi haimo.

"Kesi ya faragha, hukumu nayo ni siri."

Hapana. Hukumu za Mahakama Kuu na ya Rufani zinasomwa TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, kwa kawaida jina la mwathirika likiwa limefichwa.

"Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imefunga kila kitu."

Haikufunga. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Ukiomba majalada ya ubakaji utanyimwa, na ni sawa unyimwe. Omba idadi: kesi zilizopokelewa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, zilizofika mahakamani, zilizofutwa na sababu zake. Omba kwa wilaya, Kasulu au Uvinza. Usiombe kwa kijiji. Kijiji chenye kesi moja, kila mtu atajua ni ya nani.