Huduma si chambo: wanayotudhania Wakristo wa Malindi, na tunayojidhania wenyewe

Tangu makaburi ya msitu wa Shakahola yaanze kufukuliwa Aprili 2023, Mkristo akipiga hodi mtaani Malindi na mfuko wa unga mkononi, hutazamwa mara mbili. Siwalaumu wanaomtazama. Miili zaidi ya 400 ilitolewa kule, ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa, na watoto wengi miongoni mwao. Hata hivyo, baadhi ya tunayosemwa si kweli, na baadhi ya tunayoyaamini wenyewe makanisani ni mabaya zaidi. Naanza na ya kwetu.

"Imani ni kufunga na kuomba, mambo ya mtaa ni ya dunia."

Walionusurika Shakahola walieleza kwamba waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Fungua Isaya sura ya 58 uone saumu anayoitaka Mungu: kuwaacha huru walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumwingiza nyumbani asiye na pa kulala. Yaani chakula ulichojinyima kina pa kwenda, na pa kwenda ni kwa jirani. Saumu ya kumnyima mtoto uji haimo katika sura ile.

Hata neno liturujia, tunaloliita ibada, asili yake ni Kigiriki cha kale. Kwa Wagiriki lilikuwa kazi ambayo raia mwenye uwezo aliufanyia mji wake kwa gharama yake mwenyewe, kama kuitunza meli ya vita kwa mwaka mzima. Kwa hiyo anayesema ibada inaishia mlangoni pa kanisa amelikata neno katikati.

"Wakileta msaada, wanataka kutubatiza."

Wapo wanaofanya hivyo, na wanakosea. Msamaria wa kwenye Luka 10 hakumwuliza majeruhi dini yake wala hakumhubiria. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kurudi kulipa kilichozidi. Wakoma kumi walipotakaswa, tisa hawakurudi kushukuru, na hakuna hata mmoja aliyerudishiwa ukoma.

Kosa letu sisi lilikuwa picha. Mwaka mmoja kikundi chetu kilipeleka unga na mafuta Maweni, bango mbele, simu juu. Bibi mmoja alipokea, akatuambia kwa sauti ya chini: "Wanangu, njaa hii nilikuwa nimeificha hata wajukuu wasiijue. Sasa mtaa mzima utaiona." Tulifuta picha palepale, na bango halijatoka kabatini tangu siku hiyo. Yesu alikwisha kusema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Tulihitaji bibi yule atufafanulie.

"Malindi ni mji wa Waislamu, Mkristo ni mpita njia."

Kale kakanisa ka Wareno kenye paa la makuti, karibu na bahari, kanaonyesha tumekuwapo muda mrefu. Mwaka 1542 Francis Xavier alitia nanga hapa akielekea Goa, akamzika msafiri mwenzao mmoja, na katika barua yake akaandika kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo walivyomzika maiti wao. Mpaka leo msiba ndio unaotukutanisha upesi: ukisikika, nani anauliza dini kabla ya kuchota maji na kutandika mkeka? Yeremia aliwaandikia waliokuwa ugenini Babeli wautakie amani mji wanamoishi. Sisi tuko kwetu. Basi tunadaiwa zaidi.

"Sina pesa, nitahudumu na nini?"

Na miguu yako, na masikio yako.

"Mzee mwenye mvi na macho mekundu ni mchawi."

Hii inasemwa hata na watu wanaoshiriki meza ya Bwana, na ndiyo inayoniuma kuliko zote. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamekimbia nyumba zao wakalala kwenye makazi ya uokoaji. Chimbua kesi hizo na mara nyingi utakuta shamba: mzee ndiye mwenye ardhi, na vijana wanataka kuuza. Macho mekundu ni ya moshi wa kuni na ya uzee. Mhubiri anayesimama madhabahuni na kudokeza kwamba "kuna mtu nyumbani kwenu anawafunga" amempa mtu panga, hata kama hakukusudia.

Ndiyo maana kikundi chetu sasa hutembelea wazee kabla ya jambo lolote lingine. Tunachota maji, tunafua, tunakaa sana. Jirani akituona tumekaa na mzee uani mchana kweupe, tunakula naye mbaazi sinia moja, maneno hupungua. Mzee mmoja tulimuuliza shida yake kubwa ni ipi, tukidhani atataja dawa au godoro. Alisema: "Jumatatu chifu ananiita barazani juu ya shamba. Wanangu wote watakuwa upande ule. Nataka mtu wa kukaa upande wangu."

Baraza linaanza saa tatu asubuhi. Tutakwenda wanne.