Je, wajua Shepard wako anavukaje kutoka gemu moja hadi nyingine?

Nazungumzia Mass Effect, gemu za video za hadithi ya anga za juu. Ya kwanza ilitoka 2007, ya pili 2010, ya tatu 2012, na Kamanda Shepard uliyemuumba mwenyewe, mwanamke au mwanaume, sura yake, alikokulia, yaliyompata jeshini, anaweza kwenda na wewe zote tatu. Anavukaje sasa?

Siri iko kwenye faili la sevu. Ukimaliza gemu, faili lile linakuwa limetunza maamuzi yako makubwa kama swichi tu, huyu yuko hai, yule amekufa, hawa uliwasaidia, wale uliwaacha, halafu gemu inayofuata inazisoma na kupanga mambo kulingana nazo. Chukua Wrex, mpiganaji wa Wakrogan, viumbe wa sayari nyingine, anayesafiri nawe kwenye gemu ya kwanza. Kule kwenye sayari ya Virmire mnaelekezeana bunduki kwa sababu unataka kulipua maabara yenye tiba ambayo ingeweza kuokoa kizazi cha Wakrogan wenzake, na ukishindwa kumtuliza anaweza kufa palepale. Akipona, gemu ya pili unamkuta Tuchanka, sayari ya kwao, anaongoza ukoo wake na anakupokea kama ndugu kabisa, ila akifa unamkuta Wreav, mtu wa vita tu, amani haina maana kwake.

Umeona walichofanya BioWare, studio iliyotengeneza gemu hizi, hapo? Kiti ni kilekile, anayekikalia ndiye amebadilika. Wangeacha kila uamuzi ufungue hadithi yake mpya kabisa, maamuzi 10 tu ya ndiyo au hapana yangezaa hadithi 1,024, na hakuna studio inayoweza kutengeneza hiyo. Ndiyo maana hata Ashley na Kaidan, askari wenzako wa gemu ya kwanza ambao lazima mmoja umpoteze, aliyebaki anashika nafasi ileile mbele ya safari. Kuna wanaosema huo ni ujanja, mimi nasema hapana, maana Wreav akiongea unamhisi Wrex hayupo, na inauma kwa sababu wewe ndiye uliyefanya iwe hivyo.

Na jina je? La kwanza unaandika unalotaka, lakini hakuna atakayekuita kwa hilo, wote ni Shepard au Kamanda, kwa sababu sauti zilirekodiwa mapema, Jennifer Hale kwa mwanamke na Mark Meer kwa mwanaume, na waigizaji wengine wasingeweza kutamka kila jina duniani. Shepard lenyewe ni heshima kwa Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, 1961.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni mwanzo wa gemu ya pili, Shepard anakufa na Cerberus, shirika la siri kwenye hadithi, wanamjenga upya, kwa hiyo ukitaka kubadili sura au fani ya mapigano hadithi yenyewe inakuruhusu. Waliocheza hiyo ya pili kwenye PlayStation 3 mwaka 2011 hawakuwa na faili lolote maana gemu ya kwanza haikuwepo kwao, wakapewa katuni ya kuchagua maamuzi makubwa kabla ya kuanza.

Ila kuna Shepard asiyevuka. Kwenye misheni ya mwisho ya gemu ya pili wenzako wakifa karibu wote, usipobakiwa na angalau wawili, Shepard naye anaanguka, na gemu ya tatu hailipokei faili hilo kabisa.