Mazoezi ya misuli ya kupumua kwa waogeleaji wa mashindano

Mwogeleaji wa mashindano hapumui anapotaka. Katika mtindo huru huvuta pumzi kwa haraka pale tu uso unapogeukia pembeni, kisha huitoa majini, na muda wote huo maji hukibana kifua, kiasi kwamba kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, na misuli iliyo kati ya mbavu hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi kuliko nchi kavu. Vipimo vimeonyesha kwamba mita 200 kwa kasi ya mashindano hutosha kuidhoofisha misuli hiyo. Ikichoka, neva huamuru mishipa ya damu ya mikono na miguu ijibane, na viungo huanza kulemea mapema, jambo ambalo mara nyingi hudhaniwa ni uchovu wa mabega peke yake.

Misuli hiyo huimarishwa kwa kifaa kidogo chenye vali na springi inayozuia hewa kuingia kwa urahisi. Mwogeleaji husimama wima, hubana pua kwa kibanio, hufumba midomo vizuri kuzunguka mdomo wa kifaa, huvuta kwa nguvu hadi mapafu yajae, kisha huiachia pumzi itoke polepole bila kuisukuma. Utaratibu uliozoeleka ni pumzi 30, mara mbili kwa siku, kwa ukinzani wa takribani asilimia 50 ya uwezo wake wa juu, kwa wiki 4 hadi 6. Zile za mwisho zinapaswa kuwa ngumu. Zikiwa rahisi, springi ikazwe kidogo. Kizunguzungu kikimjia, apumzike kwanza.

Mapafu hayaongezeki ukubwa kwa mazoezi haya. Kinachoongezeka ni nguvu na ustahimilivu wa misuli. Waogeleaji wa klabu wamepunguza muda wao kwa kiasi kidogo katika mita 100 na 200, ilhali kwa wale wa ngazi ya juu, ambao tayari huogelea kwa wingi, faida ya ziada imekuwa vigumu kuonekana. Kwa maoni yangu, kocha asiyatumie kufidia mazoezi ya bwawani.

Nasisitiza kwamba kubana pumzi chini ya maji ni jambo jingine kabisa. Anayehema kwa kasi kabla ya kuzama hupunguza kabonidayoksaidi mwilini, ile inayomlazimisha mtu kupumua, hivyo anaweza kuzimia na kufa maji bila onyo lolote. Naye aliyewahi kupata pafu kuporomoka, aliyetoboka ngoma ya sikio au mwenye pumu isiyodhibitiwa amwone daktari kabla ya kukigusa kifaa hicho.